Kabla ya daraja la Mtambaswala

Oya Saidi, vipi mzee, nyumbani wazima? Meseji yako niliiona ila nilikuwa kwenye mishemishe, leo ndo nimetulia. Eti kabla ya daraja la Mtambaswala, hili la kuvukia mto Ruvuma kwenda Msumbiji, watu walikuwa wanavukaje? Kaka pale ni kivuko toka enzi za mababu, daraja ndo mgeni.

Ng'ambo, upande wa Msumbiji, panaitwa Negomano, ndo mto Lugenda unapoingia Ruvuma. Ruvuma yenyewe unaijua, masika inajaa mpaka inatisha, kiangazi inakauka mchanga unatokeza katikati, unakunja suruali unavuka zako, ila macho kodo kwa mamba. Maji yakiwepo ni mtumbwi na upondo, basi. Livingstone, yule mzungu mmisionari na mpelelezi, 1862 alijaribu kuupanda huu mto kwa boti, maji yakawa machache akageuza, 1866 akaja kwa miguu kutokea Mikindani na mwezi wa tano akawa hapo hapo Negomano.

Sasa stori yenyewe ni 1917. Vita ya Kwanza ya Dunia, kamanda wa Wajerumani Lettow-Vorbeck anakimbizwa na Waingereza, risasi zimekata, dawa za malaria zinaisha, akaona bora aingie Msumbiji kwa Mreno akapore. Ilikuwa mwishoni mwa Novemba, mvua bado, maji yako chini kabisa, si ndo akavuka na askari na wapagazi na wake zao na watoto! Tarehe 25 wakaivamia kambi ya Wareno, hata mahandaki hawajamaliza kuchimba, kamanda wao Teixeira Pinto akafia pale, jamaa wakaondoka na bunduki, risasi na dawa, vita wakaisogeza mwaka mzima mbele. Kinachoniudhi ni kwamba anasifiwa jenerali tu, wale wapagazi walioibeba ile mizigo vichwani, babu zetu hao, hata majina hawatajwi.

Daraja wazo ni la Nyerere na Samora wa Msumbiji, 1975, likaja kufunguliwa Mei 2010 na marais wa wakati huo, Kikwete wetu na Guebuza wa Msumbiji, mita 720, yani miaka 35 ya maneno hapo katikati wakati Wamakonde na Wayao wana ndugu pande zote mbili na harusi na misiba inaendelea kama kawa.

Kama kweli unaenda kuuza nguo Mueda, kule Msumbiji, usisahau pasipoti, na usije ukanyoosha masika, barabara ya ule upande inaweza kuwa na tope la kufa mtu. Nipe tarehe mapema nikungoje Mangaka, huku upande wetu, twende wote, na yule dogo aliyeko Pemba ya Msumbiji nimtonye atupokee.