Gunk sio matope

Mhariri, habari za kazi. Mi ni fundi gereji huku Soweto, Mbeya, na gazeti lenu nalisoma kila likifika. Sasa ile kona ya Kiingereza mmeandika eti gunk maana yake matope, hapana jamani. Matope unamwagia maji yanaenda zake. Gunk ni ule uchafu mzito mweusi unaonata, oili imevuja kidogo kidogo kwenye sili (raba ya kuzuia oili) iliyochoka ikakamata vumbi la barabarani afu ikagandamana, haya malori ya Tunduma yanatuletea kila siku, unakwangua na bisibisi bapa linatoka bonge, unalikung'uta halidondoki, unalitoa kwa kidole na lenyewe linahamia kidoleni.

Ila raha ya hili neno ni lilikotoka. Lilikuwa jina la sabuni! Mwaka 1932 kampuni moja ya Marekani ilisajili jina Gunk kwa sabuni yake nzito ya kutolea mafuta na grisi, na dawa za jina hilo bado zinauzwa mpaka leo. Kufika miaka ya 1940 watu kule washaligeuza, gunk ikawa ule uchafu wenyewe. Sisi dawa yoyote ya viatu tunaita kiwi, sawa, lakini nani aliwahi kuita kiwi lile vumbi lililoganda kwenye kiatu?

Siku hizi wanalitumia kwa kinyaa chochote kinachonata, mafuta yaliyoziba bomba la sinki, hata tongotongo. Asali au jibini iliyoyeyuka huwezi kuiita hivyo, hapo wanasema gooey, toka goo, hilo lilianza kuandikwa Marekani kwenye 1903 na inasemekana limekatwa toka burgoo, uji mzito wa mabaharia wa Kiingereza karne ya 18, nao uji huo huenda jina lake limetoka kwenye burghul ya Waarabu, ngano ya kupondwa. Na mapenzi ya kubembelezana mpaka wanaowaona wanakereka nayo ni gooey.

Kwa hiyo mkirudia hio kona wekeni uchafu unaonata, msipoamini pitieni gereji yoyote mtaoneshwa. Na anayeuliza unatokaje, dizeli kwanza, acha ulowane, ndio brashi na sabuni ya unga. Ukianza na maji ya bomba ya Mbeya mwezi wa saba, na baridi ile, utakesha.

Fundi, Soweto, Mbeya