Somo, usisaini kabla hatujapiga hesabu

Mukuru kwa Njenga, Nairobi
Jumapili jioni

Kwako somo yangu,

Assalaam aleikum. Ujumbe wako wa Ijumaa nimeusoma mara tatu. Kwamba mmepata mfadhili wa miaka miwili, na mwezi ujao mnafungua ofisi Kisauni, huko Mombasa, ya kuwatetea wapangaji wasitupwe nje! Nilipiga kigelegele peke yangu jikoni, wallahi. Tangu tulipokuwa wasichana umekuwa ukilisema jambo hili, na sasa limekuwa.

Umeniuliza uanzie wapi, nanyi mko karibu kusaini mkataba wa nyumba. Wengi watakuambia uanze na Katiba ya 2010, kwamba ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa. Hiyo utaihitaji, na utaisoma hadi uijue kwa moyo. Lakini mimi nakuomba uanze na daftari la pesa, na nitakueleza kwa nini, maana hili lilitutia hasara ambayo sitaki ikufike.

Wakati wa masika, mama mmoja alikuja ofisini kwetu, kwenye shirika letu la kuwasaidia wapangaji hapa Mukuru, na watoto wawili na godoro lililolowa. Alikuwa na deni la kodi ya miezi miwili. Msimamizi wa ploti, yaani ule uwanja wa vyumba vya kupanga, hakupoteza muda wa kumwandikia barua. Aling'oa mlango wa chumba, akauegemeza kwenye ukuta wa choo, pale kila anayeenda haja auone. Mvua ikaingia hadi chini ya kitanda. Kodi yake ilikuwa 4,000 kwa mwezi. Tulimtumia mwenye ploti 8,000 kwa M-Pesa, na kabla ya magharibi mlango ulikuwa umerudi kwenye bawaba zake. Kwenye daftari tukaandika mstari mmoja: kodi, 8,000. Mfadhili alifurahi, tukapeleka picha ya mlango.

Sasa sikiliza yale ambayo hatukuyaandika. Yule kijana wetu wa nyanjani alikwenda mara nne kwa mwenye ploti, ambaye haishi Mukuru, anaishi Ruai. Nauli ya matatu na boda, kila safari nusu siku ya kazi. Kisha barua ya wakili, kwa sababu mwenye ploti alikuwa bado anataka mama ahame. Kisha miezi mitatu ya kumtembelea, kumtafutia vibarua vya kufua, kukaa naye apange atalipa vipi mwezi unaofuata. Pale ndipo msaada wenyewe ulipokuwa, somo. Zile 8,000 zilirudisha mlango. Miezi mitatu ya kumtembelea ndiyo iliyomweka ndani mpaka leo. Baadaye nilipokaa na karani tukajumlisha zile 8,000, siku za mshahara, nauli, salio la simu, wakili, na fungu la kodi ya ofisi na stima, tukapata 19,000 kwa familia hiyo moja. Mfadhili alikuwa analipa ile kodi, na juu yake asilimia 7 aliyoiita ya utawala. Yaliyobaki tulikuwa tunayatoa wapi? Tulikuwa tunayakopa kutoka pesa za mradi mwingine, tukiomba Mungu mradi wa tatu uje kabla ya mwisho wa mwaka.

Maana yake ni kwamba kadiri tulivyosaidia familia nyingi ndivyo tulivyozidi kuzama. Na ripoti zetu zilikuwa zinapendeza kweli kweli.

Mwaka 2025 ulipoingia, Marekani ikasimamisha misaada yake ya nje kuanzia Januari. Pesa zetu hazikutoka huko hata senti. Lakini mashirika yaliyokuwa yakitegemea huko yalikimbilia kwa wafadhili wale wale tuliokuwa nao sisi, na mfadhili wetu mkubwa, ambaye ni wa Ulaya, alituandikia kwa upole kwamba fungu la mwaka huo amelihamishia zahanati. Sikumlaumu. Watu walikuwa wanakosa dawa. Lakini Machi hatukulipa mishahara, na Aprili tulimwachisha kazi kijana yule yule aliyekuwa akipanda matatu ya Ruai. Alinikabidhi rejesta yake ya ziara, ameiandika kwa wino wa bluu mpaka ukurasa wa mwisho, na majina ya familia kumi na moja ambazo alikuwa bado hajamaliza nazo. Kati ya hizo tuliweza kuendelea na tano.

Usidhani serikali ikilipa ndiyo salama. Uingereza walikuwa na mfuko wa taifa ulioanza 2003, mahsusi kwa kazi hii ya kumsaidia mtu ashike nyumba yake: wazee, waliotoka gerezani, wanawake waliokimbia kipigo. Pesa zilikuwa zimezungushiwa uzio, halmashauri haziruhusiwi kuzitumia kwa lingine. Mwaka 2009 uzio ukaondolewa, na halmashauri zilipobanwa bajeti, huduma hizo zikawa za kwanza kukatwa mahali pengi. Nchi tajiri ile. Kwa hiyo ukipata kandarasi ya kaunti, shukuru, lakini usiiache ikawa mguu wako wa pekee.

Tulichofanya baada ya Aprili ni hiki. Kwanza nilikwenda kwa wafadhili wawili waliobaki na karatasi moja, si pendekezo la kurasa arobaini. Juu nimeandika: kuiweka familia moja ndani ni 19,000, na hivi ndivyo zinavyotumika. Mmoja alikataa katakata, akasema sera yake hairuhusu. Wa pili alinyamaza kidogo, kisha akauliza kwa nini hatukumwambia mapema. Swali hilo liliniuma. Tulikuwa tunaogopa kuonekana ghali, basi tukawa tunawadanganya kwa adabu. Sasa kila bajeti tunayopeleka ina gharama kamili, na ndani yake kuna kifungu cha akiba. Tumefikisha akiba ya kuendesha ofisi mwezi mmoja na nusu. Nataka ifike mitatu, na mpaka ifike sifungui tawi jipya, hata nikibembelezwa.

Pili, tukakodi vyumba kumi kwenye ploti moja kwa mkataba wa miaka mitatu, tukawa tunawapangisha sisi wenyewe familia zilizotoka kwenye misukosuko. Mwenye ploti anapata kodi yake bila kufukuzana na mtu, nasi tunabaki na tofauti ndogo. Nilifikiri tofauti hiyo ni faida, kumbe! Januari watu wanalipa karo, vyumba viwili vikakaa vitupu wiki sita, na mwenye ploti kodi yake anaitaka palepale. Mabati ya upande wa mto yakaoza. Choo kikajaa. Siku hizi nikipiga hesabu ya vyumba kumi, nahesabu kodi ya vyumba tisa, na kutoka hiyo tisa natoa fungu la ukarabati kabla sijagusa kitu. Ikibaki chochote baada ya hapo ndiyo yetu. Inabaki kidogo, lakini hailetwi na barua ya mtu, wala haiondolewi na barua ya mtu. Sheria ya mashirika ya manufaa ya umma, ile iliyopitishwa 2013 ikaanza kutumika 14 Mei 2024, inaruhusu shirika kufanya shughuli ya kuingiza pesa mradi mapato yarudi kwenye lengo. Mwambie wakili wenu aisome vizuri.

Jambo moja tumelikataa, na nakusihi ulikatae. Kuna wenye ploti waliotaka kutulipa ada kwa kila mpangaji tunayemtuliza. Pesa hiyo ingelipa mshahara mzima. Lakini siku mama yule akija na godoro lake, anapaswa kujua mimi niko upande gani. Vilevile hatumdai mtu kodi tuliyomlipia siku ya shida. Tulijaribu kuifanya mkopo, na kijana wetu akageuka mdai, watu wakaanza kujificha wakimwona. Tukaacha. Wanaoinuka wanaingia kwenye kikundi cha akiba, kila mmoja kwa kadiri yake, na kikundi ndicho kinachoamua kumwinua mwenzao. Hilo tulilijifunza kwa Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda lililoanza 1996, ambao wanaweka akiba kwa vikundi, na mwaka 2003 wakaunda mfuko wao, Akiba Mashinani, wa kukopesha vikundi kwa ajili ya ardhi na nyumba. Nenda ukawaone kabla hujaandika kanuni zako. Huruma, hapa Nairobi, pale Kambi Moto, watakuonyesha nyumba walizojijengea ghorofa kwa ghorofa juu ya viwanja vya mita nne na nusu kwa nne na nusu.

Lakini Mombasa si Mukuru, na hapa ndipo ninapokuhofia. Sisi tunagombana na mwenye ploti aliye mbali. Kwenu, nyumba ya Kiswahili ina vyumba sita na ukumbi katikati, na mwenye nyumba mara nyingi ni mjane anayelala chumba kimoja na kula kodi ya vitano. Unakumbuka bibi yako. Mpangaji wake akikosa kulipa miezi miwili, bibi anakosa dawa ya presha. Ukifungua ofisi ya wapangaji peke yao, utakuwa unamshtaki bibi yako mwenyewe. Weka kifungu cha bajeti cha kumsaidia na yeye.

Halafu ardhi. Wewe wajua kuliko mimi kwamba nyumba nyingi za huko ni za mtu na kiwanja ni cha mtu mwingine, tangu ile sheria ya wakoloni ya hati za ardhi ya 1908, na mwenye nyumba analipa kodi ya ardhi kila mwezi bila karatasi ya kumlinda. Umeniandikia mmepata nyumba ya vyumba sita ya kukodi kwa miaka mitano, na kwamba mtatumia fungu kubwa la mwaka wa kwanza kubadilisha paa na kujenga vyoo uani. Kiwanja ni cha nani? Kodi ya ardhi imelipwa mpaka mwezi gani? Kikiuzwa, paa lako litang'olewa pamoja na kuta za watu, na mfadhili hatalinunua mara ya pili.

Na usitegemee baraza la kodi, lile la serikali linaloamua kesi za kodi ya nyumba, kwa kila kesi. Sheria yake inahusu nyumba za kodi isiyozidi 2,500 kwa mwezi, na kiwango hicho bei zimeshakipita zamani. Wengi watakaokuja kwako watalazimika kwenda mahakama ya kawaida, na mahakama ina gharama. Iandike kwenye karatasi ya mfadhili tangu siku ya kwanza.

Nitakuja na treni ya Alhamisi asubuhi, inshallah, nibaki mpaka Jumapili. Nitoleeni nakala ya mkataba wa nyumba, risiti za kodi ya ardhi za miaka mitatu kama mwenye nyumba anazo, na bajeti ile mliyompelekea mfadhili, hata kama ina aibu. Tutakaa uani tuipitie mstari kwa mstari. Mpaka hapo, tafadhali somo, usisaini.

Msalimie mama, na umwambie dawa zake ninazo.

Ni mimi,
somo yako