Barua ya wazi kwa Mwakilishi wetu wa Houston katika Bunge la Texas: timu zimeruhusiwa, sisi tunangoja nini?

Mheshimiwa Mwakilishi,

Pokea kwanza salamu za chama chetu cha Waswahili wa kusini-magharibi mwa Houston, wale wale uliokula nao pilau wakati wa kampeni ukaisifia kachumbari. Wazee wanakusalimu. Akina mama waliokupikia nao wanakusalimu, ingawa safari hii kwa sauti ya chini kidogo.

Nakuandikia hadharani kwa sababu kwa faragha nimeshindwa. Kila nikituma barua pepe ofisini kwako narudishiwa ujumbe ule ule wa kunishukuru kwa kushiriki katika demokrasia. Nashukuru kushukuriwa. Nilichouliza bado sijajibiwa.

Jumamosi iliyopita tulikuwa na hafla ya mchango. Unaijua, kwa kuwa kadi ya mwaliko tuliileta mezani kwako. Mchana vijana wacheze mpira, jioni watu wale, halafu tuchezeshe bahati nasibu kusaidia familia moja iliyotoka kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Walifika hapa siku chache tu kabla ya Januari 20, 2025, siku ambayo Rais alitia saini amri ya kusimamisha upokeaji wa wakimbizi nchini Marekani. Baada ya hapo fedha za serikali kuu zikakatika, na shirika lililowapokea likabaki na pole za mdomoni. Baba yao akapata kazi ghalani, akaumia mgongo. Kodi ya nyumba imelala. Watoto wanne.

Mpango wetu ulikuwa mwepesi. Tiketi dola 5, nusu ya makusanyo aichukue mshindi, nusu ilipe kodi. Hamsini kwa hamsini, kama wanavyofanya viwanjani. Na kabla ya kuchapisha tangazo tuliuliza, Mheshimiwa. Tuliipigia ofisi yako. Msaidizi wako akatuambia haoni tatizo, kwani hata timu kubwa zinafanya.

Ijumaa usiku meneja wa ukumbi akanipigia simu. Ameliona tangazo, amemuuliza mwanasheria wake, ameambiwa kwamba kwa chama kama chetu zawadi ya pesa taslimu inahesabiwa kuwa kamari, na yeye hataki kesi. Ama tufute bahati nasibu, ama tutafute ukumbi mwingine. Ijumaa usiku! Watu wameshachinja mbuzi!

Tulifuta. Nilisimama mlangoni na daftari langu nikawarudishia watu dola zao mmoja mmoja. Kuna waliokataa kuzipokea, wakasema ziende kwa watoto, Mungu awajalie. Kuna wengine walionitazama kwa jicho la kuuliza pesa nyingine imekwenda wapi. Mimi ni mweka hazina. Katika jamii yetu mweka hazina anayerudisha pesa mlangoni hahitaji adui mwingine. Maneno yatajitembeza yenyewe hadi Dallas.

Jumapili yake nikaona picha yako. Uko uwanjani, kofia ya timu kichwani, umeshika karatasi ndefu ya namba za bahati nasibu ya hisani, unatabasamu. Hongera. Natumaini namba yako ilitoka.

Sasa nimejisomea sheria mwenyewe, usiku, kwenye mapumziko ya zamu. Sheria ya bahati nasibu za hisani ya Texas, iliyopitishwa 1989, inaruhusu chama kisichotafuta faida kilichodumu angalau miaka 3 kuchezesha bahati nasibu. Tumedumu zaidi ya hapo. Inataka tiketi ichapishwe jina la chama, anwani, bei na maelezo ya zawadi. Tulichapisha. Inakataza kulipia matangazo ya redio, televisheni au gazeti. Pesa ya redio tuipate wapi? Sisi tangazo letu ni WhatsApp na mlango wa duka la samaki.

Lakini zawadi isiwe pesa. Noti hapana, sarafu hapana, hundi hapana. Nikaendelea kusoma nikidhani sheria inaogopa tusije tukatoa zawadi kubwa kupita kiasi. Kumbe wapi! Chama kinaweza kununua zawadi ya hadi dola 75,000. Kikitaka kutoa nyumba ya kuishi, kinaweza kufika dola 250,000. Yaani mimi, mweka hazina wa watu wanaochangishana dola kumi kumi, jimbo linaniamini nichezeshe nyumba. Haliniamini nimkabidhi mama muuza sambusa dola 600 kwenye bahasha.

Viwanjani mambo ni mengine. Mwaka 2015 Bunge lenu liliandika sheria ya peke yake kwa ajili ya mifuko ya hisani ya timu za kulipwa, na kwa kuwa Katiba ya Texas ilikuwa inazuia, mkaifungua Katiba. Wananchi wakapiga kura Novemba mwaka huo, wakakubali. Mlango ule wa kwanza ukaonekana mwembamba, kwa sababu uliwahusu wale tu ambao mifuko yao ilikuwapo kufikia Januari 1, 2016. Basi 2017 Katiba ikafunguliwa tena, wakaingia wengine. Mwaka 2021 ikafunguliwa mara ya tatu, safari hii kwa ajili ya rodeo, wapanda farasi na mafahali.

Ile ya 2021 naikumbuka vizuri. Ndiyo iliyokuwa namba 1 kwenye karatasi ya kura. Katika kaunti yetu ya Harris karatasi hiyo hutoka kwa Kiingereza, Kihispania, Kivietinamu na Kichina, kwa hiyo jioni ile nilikaa na wenzangu waliopata uraia nikiwaeleza kwa Kiswahili kila pendekezo linasema nini. Mzee mmoja wa Bukavu akaniuliza, "Mama, hawa wa mafahali nao wana maskini wao?" Nikamwambia wanao, na mfuko wao utawasaidia. Akasema haya, tuwape. Tukapiga ndiyo. Sijuti, na yeye hajuti. Ila wiki hii amenipigia kuuliza zamu yetu ni lini, nami sikuwa na la kumjibu zaidi ya kumwambia nitakuandikia.

Mara tatu, Mheshimiwa. Ndani ya miaka 6. Na kila mara inahitaji theluthi mbili ya Baraza la Wawakilishi, theluthi mbili ya Seneti, kisha kura ya wananchi wa jimbo zima. Watu wanaoshindwa kukubaliana hata juu ya mambo ya shule walikubaliana mara tatu kuhusu bahati nasibu ya uwanjani. Kwa hiyo usiniambie kwamba jambo hili ni gumu. Nimeona linavyofanyika likitakiwa.

Siwachukii wa viwanjani. Mifuko yao inafanya kazi nzuri, na mwanangu mwenyewe amecheza kwenye uwanja wa watoto uliotengenezwa kwa fedha za namna hiyo. Ninachotaka ni tulinganishe hesabu, kwa sababu hesabu ndiyo kazi yangu. Kwa sheria ya timu, katika tiketi ya dola 5, nusu, yaani dola 2.50, ni ya mshindi. Gharama za uendeshaji zinaweza kuchukua hadi asilimia 10, yaani senti 50. Hisani inabaki na dola 2. Kwa mpango wetu sisi, hakuna mashine wala kampuni ya kuuza tiketi. Wauzaji ni mabinti zetu na uzi wa kufungia vishina vya tiketi. Dola 2.50 nzima ingekwenda kulipa kodi ya familia ile. Sasa niambie ni nani hapo anayeihudumia hisani zaidi, na ni nani anayeitwa mcheza kamari.

Kuna anayesema pesa taslimu inaleta tamaa na udanganyifu. Huenda. Lakini jimbo hili lenyewe linauza bahati nasibu yake tangu 1992, kila kituo cha mafuta, na zawadi yake si friji. Vyama vya hisani vinaruhusiwa kuchezesha bingo kwa pesa tangu wananchi walipokubali mwaka 1980. Na ule mchezo wa Aprili 2023, kundi moja liliponunua karibu michanganyo yote ya namba likashinda zawadi iliyotangazwa kuwa dola milioni 95, ulitokea kwenye bahati nasibu ya serikali, si kwenye pilau yetu. Mlipokasirika mlivunja tume iliyosimamia, mkaikabidhi kazi idara nyingine, bahati nasibu ikaendelea kuuzwa. Yaani hata palipotokea kashfa hamkufunga duka.

Basi kwa nini sisi? Sina ushahidi, nakisia tu. Nadhani siku sheria ile ya 2015 ilipokuwa inaandikwa, waliokuwa chumbani walikuwa na mawakili wa kuwaandikia, na watu wetu walikuwa kazini. Hakuna aliyetukataa, hakuna aliyetukumbuka. Au labda kuna wanaoogopa kwamba kila kanisa na kila msikiti ukichezesha hamsini kwa hamsini, wateja wa kumbi za bingo watapungua. Au labda ni uvivu tu. Kama nimekosea sababu, nirekebishe, lakini nirekebishe kwa maandishi.

Maana ahadi ulitoa mwenyewe. Ulisimama mbele yetu, kipaza sauti kikawa kinakwaruza, ukasema vyama vidogo vya wahamiaji ndivyo vinavyoibeba Houston, na kwamba kikao kijacho utaleta muswada wa kuturahisishia kuchangishana. Tulipiga vigelegele. Video ipo, na pale kwenye vigelegele sauti ya juu ni yangu. Kikao hicho kilianza Januari 2025, kikafungwa Juni 2, 2025. Siku 140, na Bunge letu hukutana mara moja tu katika miaka miwili. Niliutafuta muswada wako kwenye orodha. Nimekuta wa mambo mengine, nimesoma hadi ule usiotuhusu hata kidogo. Wetu haumo.

Utaniuliza mbona tusitoe televisheni kama sheria inavyotaka. Tumewahi kutoa. Televisheni inabidi kwanza inunuliwe, na fedha ya kununulia inatoka mfukoni mwa walewale tunaotaka kuwasaidia, au mwangu. Tiketi zisipouzwa za kutosha, chama kinabaki na hasara na sanduku kubwa sebuleni kwa mwenyekiti. Hamsini kwa hamsini haina hasara: kikija kidogo tunagawana kidogo. Tena watu wetu wanaielewa. Anayenunua tiketi ya dola 5 kwa ajili ya jirani anajua huenda ikamrudia siku ambayo na yeye bili ya umeme imemkaba. Televisheni kila mtu anayo. Kodi ya nyumba ndiyo hatuna.

Na misiba, Mheshimiwa. Mtu akifariki hapa, ndugu zake wakitaka akazikwe Uvira au Tanga, ni maelfu ya dola, na zinatakiwa wiki hiyo hiyo. Mimi ndiye ninayepigiwa simu saa nane za usiku. Nimetoka kazini nimechoka, naanza kuandika majina: fulani 20, fulani 50, fulani ataleta Ijumaa. Tumewazika watu kwa mtindo huo, tutaendelea kuwazika. Lakini wanaochanga ni walewale, mwezi baada ya mwezi, na wanachoka. Wengine sasa wakiona namba yangu hawapokei simu. Siwalaumu.

Wiki hii familia ile imepewa karatasi ya mwenye nyumba. Hicho kidogo kilichobaki Jumamosi hakikufika hata nusu ya kodi ya mwezi mmoja. Mama yao amenijia akaniuliza kama ni kweli kwamba serikali ilikataa wasaidiwe. Nilimwambia serikali haikukataa, ni sheria tu haikuwapangia. Aliniangalia kama mtu aliyeambiwa maji hayajakataa kuja, ni bomba tu halipo.

Nilikuwa nimeandika orodha ya madai. Tiketi zetu ziruhusiwe kuuzwa kwa simu, ofisi yako iwe na mtu anayejua Kiswahili, kuwe na karatasi ya maelezo inayoeleweka na mtu asiye mwanasheria. Nimeyafuta yote. Naomba moja. Mpeni mfuko wa maskini haki ileile mliyompa mfuko wa timu: nusu kwa mshindi, nusu kwa hisani, kwa pesa taslimu. Mkitaka wekeni kikomo. Dola 5,000 kwa zawadi, nitashukuru. Dola 2,000, nitashukuru. Tutaleta hesabu kila baada ya bahati nasibu, mnikague hadi senti ya mwisho. Daftari langu ni safi kuliko mengi mliyoyakagua. Kama ni lazima Katiba ifunguliwe mara ya nne, njia yake mnaijua, na kura zetu za kuipitisha nitazitafuta mimi mwenyewe nyumba kwa nyumba kuanzia mtaa wetu wa Gulfton.

Kikao kijacho kinaanza Januari 2027, na miswada inaanza kupokelewa Novemba 2026, mara tu baada ya uchaguzi. Uchaguzi ambao, kama sikosei, na wewe umo. Kabla ya kuja tena kula, tuletee rasimu. Hata ukurasa mmoja. Tutaisoma pamoja, tutakuambia inapofaa na isipofaa, halafu ndipo tutawasha jiko.

Namba yangu msaidizi wako anayo. Napatikana asubuhi baada ya zamu, kati ya saa 3 na saa 6. Nasubiri jibu lililoandikwa na mtu, si ule ujumbe wa shukrani.

Wako katika ujenzi wa Texas,

Mweka hazina wa chama, na mpiga kura wako