Hawa wa kwenye yoti hawali bata, maji wanayapima kwa kikombe

Ndugu Mhariri, naomba nafasi kwenye ukurasa wako wa barua, najua naandika kirefu ila nivumilie maana limenikaa rohoni toka niisome barua ya msomaji mwenzetu aliyesema zile boti za matanga zinazotia nanga huku Tanga ni za matajiri wanaokuja kula bata na hawatuachii kitu. La kutuachia kitu nitalifikia. Ila hilo la bata, mie nimeishi ndani ya moja miezi mitatu na siku zake, toka Januari mpaka upepo wa kusi ulipoingia mwezi wa nne, nikiwa mpishi, na huyo bata sikuona hata manyoya yake.

Mimi ni mtu wa Chumbageni, kazi yangu ni kupika kwenye shughuli, pilau za harusi na hitima. Walikuja wazee wawili Wafaransa na yoti yao ya futi 40 wakitokea kisiwa cha Mayotte, yule mama akateleza akavunjika mkono, plasta mpaka kwenye kiwiko, na mumewe jikoni hajui zaidi ya kuchemsha mayai. Kijana anayewapelekea maji kwa ngalawa akawaambia ana dada yake anapika, ndio mie. Basi. Mama yangu alinuna siku mbili, na majirani walishaniozesha kwa mzungu kabla hata sijapanda, pamoja na kwamba mzungu mwenyewe ana miaka 68 na mkewe yupo pale pale anatuangalia.

Sasa nikwambieni maisha ya mle ndani. Tenki lao linachukua lita 340 na hayo ndio maji ya watu watatu, ya kunywa, kupikia na kujimwagia kidogo kutoa chumvi, na hamjui mtayapata tena lini. Vyombo vinaoshwa na maji ya bahari, kuna pampu ya mguu chini ya sinki, ukikanyaga yanatoka ya chumvi, unaosha, mwisho kikombe kimoja cha maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, cha kusuuzia. Siku yangu ya kwanza nilifungua bomba nikaosha mchele kama nilivyofundwa, maji ya kwanza, ya pili, ya tatu mpaka yatoke meupe, Madamu akaniangalia tu hakusema neno, jioni akaniita akanionyesha kijiti cha kupimia tenki na mstari ulipokuwa asubuhi. Niliona aibu! Toka siku ile mchele nauosha kwa maji ya chumvi mara mbili, la mwisho ndio baridi, na chumvi ya kupikia siweki.

Jiko nalo limening'inizwa kwa vyuma viwili, boti ikilala upande jiko linabaki wima na sufuria yake haimwagiki, wewe mpishi ndio unalala na boti, kwa hiyo kuna mkanda unajifunga kiunoni usije ukaangukia moto. Nimesonga ugali nimefungwa kama mbuzi. Friji inakula umeme wa sola, mawingu yakikaa siku mbili inazimwa, basi nyama kwaheri. Ndio maana hawa watu hawanunui kitu kilichokaa kwenye baridi. Yai ambalo halijawahi kuingia kwenye friji linakaa wiki kadhaa bila kuoza, unaligeuza tu kila baada ya siku mbili tatu, ila lililowahi kupozwa likitolewa nje haliendi mbali. Kabichi, karoti na viazi vya Lushoto vikitoka shamba moja kwa moja hivyo hivyo. Mkungu wa ndizi mbichi unafungwa kule nyuma kwenye tezi, ndimu kwenye wavu, machungwa ya Muheza tulikula mpaka Mafia. Mzee naye kila alfajiri hagusi chai kabla hajafunua mbao za chini akaangalia maji ya ngama, yale yanayojikusanya chini kabisa ya boti, maana yakiwa mengi kuliko jana kuna pahala panavuja na siku hiyo imeshaharibika.

Tulishuka kusini na upepo wa kaskazi. Usiku wa kwanza kisiwa cha Maziwe, pale mbele ya Pangani. Marehemu baba alikuwa akitusimulia Maziwe ina mivinje na kivuli, wavuvi wanapumzika chini yake, mie nilikuta fungu la mchanga mweupe halina hata mti, na lilikuwa bamvua, siku za maji makubwa, yalipojaa likamezwa karibu lote tukabaki tunaelea mbele ya kitu ambacho hakionekani. Kasa bado wanapanda pale kutaga, mayai inabidi yahamishwe kupelekwa ufukwe wa huku bara la sivyo yanazama. Nilikaa kule mbele ya boti nikamkumbuka baba sana.

Ila kilichonifundisha bahari ni kutoka Unguja kwenda Mafia, maana pale hulali nanga, unakwenda usiku kucha, na mkono wa Madamu bado mbovu kwa hiyo zamu tuligawana watatu, saa tatu tatu. Mie kazi yangu ni kukaa nje na kuangalia, nikiona kitu namwamsha mzee. Saa nane usiku hivi naona tochi mbele yetu inawaka inazima, inawaka inazima, karibu kabisa. Hamna taa nyingine. Mara sauti, "Oyaa! Oyaaa! Jarife hilo! Mnaingia kwenye nyavu!" Nikapiga kelele mzee akatoka mbio na chupi, mie nikasimama nikaita, "Mwisho wake uko wapi kaka?" Kule kimya. Kimya kweli, mpaka nikadhani hawajasikia. Alafu sauti ya chini chini ikauliza, "We dada, ni mtu?"

Nikamwambia ni mtu wa Chumbageni. Wakacheka mle gizani, wakatuelekeza tupite upande wa nchi kavu mpaka tuone dumu la njano, ndio mwisho wa nyavu. Tungepita moja kwa moja zile nyavu zingejizungusha kwenye propela, wao wamepoteza mtaji na sisi tumekwama katikati ya bahari. Mzee hakulala tena usiku ule, alikaa na mimi mpaka kunapambazuka akaniambia miaka 11 anaishi baharini ni mara ya kwanza mvuvi amemuelekeza akaelewa. Mie nikawaza wale jamaa wanakaa kwenye ngalawa na tochi moja ya betri mbili, hapo ndio pa kushangaa.

Kisiwa cha Chole, pale Mafia, popo wengi kama kunguru wa hapa stendi, Kilwa Kisiwani tulikaa siku nne, nisiwachoshe. Kurudi tulirudi na mwanzo wa kusi na mkondo wa huku kwetu ambao mwaka mzima unapanda kaskazini, tukaja kwa kasi utadhani kuna mtu anatuvuta kwa kamba.

Sasa swali, kwa nini waje Tanga? Wengi hawalijui hili na mie nilikuwa silijui. Upande wa kusini wa Bahari ya Hindi vimbunga vinatembea zaidi Novemba mpaka Aprili, vinawapiga Madagaska, Msumbiji, Komoro na Mayotte. Kimbunga Chido cha Desemba 2024 kiliibomoa Mayotte vibaya, wale wazee wangu walikuwa na marafiki wenye boti kule bandarini, wakiwataja Madamu anainuka anakwenda kuosha kitu ambacho ni kisafi. Tanga iko kama nyuzi 5 tu kusini mwa ikweta na kimbunga kikikaribia ikweta kinakosa nguvu ya kujizungusha. Sisemi hatuguswi, Hidaya ya Mei 2024 ilifika Mafia, na kile cha mwaka 1872 kiling'oa mikarafuu ya Unguja, ila ukilinganisha na kwao huku ni kivulini. Na ghuba yetu ni ya kuumbwa, imejikunja, na kisiwa cha Toten mle ndani na cha Ulenge pale nje. Wanakuja kujificha. Miaka ile ya maharamia wa Kisomali hata kujificha waliogopa, mtakumbuka Oktoba 2009 mtu na mkewe kutoka Uingereza, Paul na Rachel Chandler, walitekwa baada ya kutoka Shelisheli wakija Tanzania wakakaa mikononi mwa watekaji siku 388. Sasa mambo yametulia kuliko miaka ile, wanarudi.

Na wakirudi wanatumia, nalijua kwa sababu daftari la matumizi nilishika mimi. Kabla ya kuondoka tulikaa hapa siku 19, na wao walipanga siku 5, ule msemo wa Tanga wa waja leo waondoka leo haukuwahusu. Dizeli lita 160 kwa madumu, bodaboda wa kuyaleta, maji mara mbili, gesi, dobi, soko la Mgandini karibu kila asubuhi. Tanga moja la boti lilikuwa limefumuka mshono, tukampelekea fundi wa maturubai kule Ngamiani, mzee amesimama kando anahema kama mtu anayefanyiwa mtoto wake operesheni, fundi akapitisha mkono kwenye kitambaa mara moja akasema huu uzi umekufa kwa jua, kitambaa kizima, akashona upya mshono wote kwa uzi wa nailoni mara mbili. Hajawahi kushona tanga la yoti maisha yake. Lilikwenda Kilwa likarudi. Kuna chuma cha kubebea sola kilipasuka, fundi wa kuchomelea akakitengeneza mchana mmoja. Jumla yake kwenye daftari ilikuwa milioni mbili na laki mbili na ushee, mshahara wangu haumo, na hiyo ni boti moja ya wazee wanaohesabu kila senti, wale hawana nyumba nchi kavu, kila walichonacho kinaelea pale. Kwa hiyo msomaji mwenzangu aliyesema hawatuachii kitu aje Ngamiani nimpeleke kwa mafundi.

Tatizo, Mhariri, ni tope. Tofauti ya maji kujaa na kupwa huku kwetu wakati wa bamvua inakaribia mita 4, sasa mtu amekuja na kale kaboti kadogo ka mpira asubuhi maji yamejaa, amekafunga, amekwenda sokoni, anarudi mchana maji yako mbali huko na katikati ni tope la mikoko. Siku ya kuondoka nilikuwa na trei mbili za mayai kichwani, mayai 60 ambayo nimezunguka Makorora nzima nimtafute mwenye kuku wake mwenyewe asiyeweka kwenye friji. Mguu wa kulia ukazama mpaka gotini, ndala ikabaki chini huko huko mpaka leo, nikajaribu kuuvuta, nikaenda na trei. Yalipona 11. Vijana waliokuwa wanachokonoa chambo walicheka mpaka wakakaa chini, alafu wakaja kunivuta, na mmoja akalamba ute uliomrukia mkononi akasema dada umetuletea supu.

Wenye klabu yao ya boti kule Raskazone wana utaratibu wao, sina neno nao, mie nasema pa kila mtu. Bandari yetu imechimbwa kutoka kina cha mita 3 kikawa 13 na gati la mita 450, shilingi bilioni 429.1, meli kubwa sasa zinakuja kufunga gatini badala ya kushushia mizigo kule nje, nimefurahi kama mtu yeyote wa Tanga. Kwenye mabilioni hayo ninachoomba mie ni ngazi. Ngazi za zege, pana, zinazoshuka mpaka pale maji yanapofika yakikupwa kabisa, na pete za chuma za kufungia kamba, bomba moja la maji baridi lenye mita ili anayechota alipe, na taa moja. Huyo huyo mvuvi wa ngalawa apandishe samaki wake hapo, mama wa dagaa naye asizame na ndoo, na yule kijana wa kupeleka maji aache kubeba dumu mgongoni kwenye tope kama punda wa Pangani. Sio marina, bandari maalumu ya yoti, sijaomba marina.

Maana kusi ikishavuma kuondoka hapa ni rahisi mno. Unapandisha tanga, mkondo unakubeba, baada ya siku moja na usiku wake uko Kilifi, Kenya, na huko ndiko wazee wangu walikokwenda kukwangua boti chini na kuipaka rangi, kazi ambayo mafundi wetu wa Pangani na Tanga wamewafanyia majahazi toka enzi za mababu. Fedha ya kazi ile siijui ila sio milioni mbili.

Kaskazi ikirudi Desemba na wao watarudi, au ndio wanavyosema. Wiki iliyopita Madamu alinitumia ujumbe, plasta imetolewa na mkono umepona ila kusonga ugali bado hawezi. Akaniuliza mawili, kwanza mwanangu hajambo, na la pili, je lile tope bado lipo. La mwanangu nimemjibu.

Mpishi wa shughuli,
Chumbageni, Tanga