Ushuru si adui yenu: barua kwa vijana wa pwani

Wanangu na wajukuu zangu,

Juzi barazani mlimpigia makofi mtu aliyesema kila ushuru ni wizi na wote ufutwe. Yalinikera makofi yale, na siwezi kunyamaza.

Mlipoukataa Mswada wa Fedha wa 2024, ule wa kupanga ushuru wa mwaka hapa Kenya, nilikuwa upande wenu. Kutaka mkate utozwe VAT, ushuru unaoongezwa kwenye bei ya bidhaa, ya asilimia 16 ilikuwa dhuluma, na wabunge walilazimika kuliondoa pendekezo hilo mapema. Rais Ruto alipotangaza tarehe 26 Juni kwamba hatautia saini mswada wenyewe, tayari wenzenu walikuwa wamepoteza maisha kwenye maandamano. Hawakufa ili matajiri wasilipe chochote.

Muuza mahamri akinunua sabuni hulipa asilimia 16 ileile anayolipa mwenye maghorofa Nyali, mtaa wa matajiri Mombasa. Yeye inamuuma, mwenzake hata haioni. Hapo ndipo pa kugombana.

Na kuna jambo ambalo hamlitaji kabisa: mirathi. Kenya ilifuta ushuru wa mirathi mwaka 1982. Tangu hapo mtoto wa tajiri hurithi mamia ya ekari bila kutozwa ushuru huo hata senti. Litazameni lile shamba linalopakana na shule yetu. Mwenyewe hatumjui kwa sura. Minazi imezeeka, hapalimwi hata tuta moja, na maskwota hutishiwa kufukuzwa kila uchao. Barabara ilipotiwa lami, bei ya ekari ikapaa. Lami ile tumeilipia sisi, kwenye sabuni, kwenye petroli, kwenye muda wa maongezi, faida akaifungia yeye! Siku akiuza atadaiwa asilimia 15 ya faida, lakini asipouza ataliacha kwa wanawe, nao kwa watoto wao, na nyinyi mtabaki kuwa vibarua wa kufyeka nyasi zake. Nyinyi mnaojua kila kitu kwenye simu, hili mbona hamlisemi?

Upande wa pili ni pesa zinaporudi kwa wananchi. Jirani yangu, bibi wa zaidi ya miaka 70, hupata shilingi 2,000 kwa mwezi za Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee na wasiojiweza. Ni unga, ni mafuta, ni madaftari ya wajukuu anaowalea. Zikichelewa, jina lake linajaza ukurasa mzima kwenye daftari la madeni la dukani, naye huanza kupita njia ya nyuma asionane na mwenye duka. Mtu mzima, wanangu! Anayewaambia ushuru ufutwe anataka bibi huyu alishwe na nani?

Najua mtanijibu kwamba pesa zinaibwa. Ni kweli, nasi wazee tuna lawama. Aliyekula pesa za umma tunamwita mheshimiwa, akileta bahasha kwenye harambee tunampigia vigelegele.

Someni Kifungu cha 201 cha Katiba: mzigo wa ushuru ugawanywe kwa haki. Nendeni kwenye vikao vya maoni ya umma. Ombeni makadirio ya bajeti ya kaunti, myasome.

Mswada wa Fedha huja kila mwaka. Ukija tena, mwulizeni mbunge wetu ardhi iliyolala italipa nini, na pesa za wazee zitatoka tarehe ngapi. Asiondoke kikaoni kabla hajajibu yote mawili.

Ni mimi, mzee wenu