Boneti ikichoma mkono, polishi inasubiri

Kuna wateja wanalalamika eti tunachelewesha, gari imefika saa sita mchana na mpaka saa nane iko tu chini ya mwembe hakuna anayeigusa. Jamani, tunaipoza.

Juzi kaja kaka mmoja na Crown nyeusi, katoka nayo Nzega bila kupumzika, anataka polishi ya mashine fasta aondoke. Nikaipiga boneti na ile bunduki ya kupimia joto, nyuzi 64, na mashine hata sijaichomeka kwenye umeme! Jua la Tabora mwezi wa kumi mnalijua, halafu gari nyeusi, halafu injini iko hapohapo chini. Sasa ukiongeza na msuguano wa mashine, klia, ule utando angavu wa juu ya rangi, inalainika, kompaundi, ile dawa ya kusugulia, inakauka na kuganda, sponji inaanza kukwangua, ukija kushtuka rangi imepata ukungu au imebabuka kabisa. Na hiyo klia ya kiwandani gari nyingi ni maikroni 40 mpaka 50 tu, unywele wako mnene kuliko hiyo.

Akasema basi imwagieni maji. Hapana kaka, maji ya kisima kwenye bati la moto yanakauka palepale yanaacha madoa, tutakuwa tumejiongezea kazi.

Mimi naanza pale kiganja kinapotulia kwenye boneti bila kushtuka. Nikishaanza, kila baada ya raundi mbili tatu nainua mashine napima hapohapo kabla hapajapoa, ikigonga 50 nahamia mlango wa pili, 60 sitaki hata kuiona. Siku bunduki imeisha betri natumia mgongo wa mkono, ukishindwa kuuacha hapo sekunde tatu ujue umeshazidisha. Ila ile bunduki ya enzi za korona iacheni nyumbani, ya kupimia homa ile, ikifika 43 hivi ndio mwisho wake.

Bampa sasa. Bati linasambaza joto, plastiki haisambazi, linabaki palepale ulipokandamiza. Nilipokuwa naanza hii kazi niliunguza bampa la Noah ya mwalimu mmoja, nimeng'ang'ana na mkwaruzo mmoja kwenye kona kwa mashine ya kuzunguka, nikasikia harufu, kuinua naona rangi imejikunja kama utando wa maziwa yaliyopoa. Nikaipiga rangi upya kwa hela yangu na mwalimu hakurudi tena. Siku hizi bampa na kingo zote nachukua mashine ya kutetemeka, na mkono mwepesi.

Kama gari yako imerudiwa rangi gereji tuambie mapema, hasa kama haina hata mwezi, rangi hiyo bado laini.

Mwenye haraka alete saa moja asubuhi, bati bado la baridi. Yule wa Crown alienda kula, karudi saa tisa kasoro, tumepima mbele yake 37, akavuta benchi akakaa kuangalia.