Barua ya wazi kwa vijana mnaotaka uongozi: mjueni Maulana Azad

Wanangu, assalaam aleikum kwa mnaoitikia, na wengine wote habari zenu. Nawaandikia nyinyi mnaojiandaa kugombea, iwe udiwani, ubunge, hata uenyekiti wa vijana tu, maana naona siku hizi mtu akianza kampeni anasimama katikati ya shehe na padri, anapiga picha, anaposti, basi habari ya amani ya dini keshaimaliza. Mi nataka mumjue mwanasiasa mmoja wa India ambaye kazi hii ilimla maisha yake yote, Maulana Abul Kalam Azad.

Kazaliwa Makka mwaka 1888, mama Mwarabu, baba ni shehe wa Kihindi mwenye murid (wafuasi) wengi, kisha familia ikahamia Calcutta yeye angali mdogo. Dini kasomeshwa nyumbani mpaka akaiva. Kwa hiyo asije mtu akaniambia eti anayetaka kukaa vizuri na wa dini nyingine ni kwa kuwa yake haijui, huyu alikuwa maulana kwelikweli. Mwaka 1912 akaanzisha gazeti la Kiurdu, Al-Hilal, kuwaamsha Waislamu waingie kwenye kupigania uhuru, Waingereza wakalibana mpaka likafa, na 1916 wakamtoa Bengal, jimbo la Calcutta, wakamweka kizuizini mji wa Ranchi mpaka mwanzo wa 1920.

Mwaka 1923 Congress, chama kilichokuwa kinapigania uhuru wa India, wakampa kuongoza mkutano wao maalumu Delhi, hata miaka 40 hajafika. Pale akasema maneno ambayo mi nawaomba myasome taratibu: malaika akishuka leo mawinguni akasimama juu ya mnara wa Qutub, ule mrefu wa kale wa Delhi, akatangaza kwamba India itapewa uhuru ndani ya saa 24 ila iachane na umoja wa Wahindu na Waislamu, basi huo uhuru ntauacha, kwa sababu uhuru ukichelewa ni hasara ya India, lakini umoja ukipotea ni hasara ya binadamu wote. Na aliyasema hayo mbele ya watu ambao uhuru ndo kitu walichokuwa wanakililia usiku na mchana!

Sasa hapa ndipo ninapotaka mtulie. Waliomuumiza zaidi ni wa kwake. Mwaka 1940 akiwa rais wa Congress, Jinnah, kiongozi wa Muslim League, chama cha Waislamu kilichotaka nchi yao ya Pakistan, alimpelekea telegramu kumwambia yeye ni rais wa maonyesho tu, Mwislamu aliyewekwa mbele ili watu waone. Azad hakushuka kwenye matusi. Mwaka huohuo kule Ramgarh, kwenye mkutano wa Congress, alishasema kwamba yeye ni Mwislamu na anajivunia, hayuko tayari kupoteza hata chembe ya urithi wa Uislamu, na papo hapo ni Mhindi, sehemu ya taifa moja lisilogawanyika. Hakuficha dini yake ili apendwe na Wahindu, wala hakuwakana Wahindu ili apigiwe makofi na Waislamu.

Kugawanywa kwa nchi kuwa India na Pakistan alikupinga mpaka mwisho na akashindwa. Delhi ikawaka, Waislamu wenye woga wakaja kupiga mahema kwenye kiwanja cha nyumba yake, wengine wanafunga mizigo waende Pakistan. Oktoba 1947 akasimama Jama Masjid, msikiti mkuu wa Delhi, akawaambia ukweli unaochoma: niliwaita mkanikata ulimi, nikashika kalamu mkanikata mkono, nikataka kutembea mkanikata miguu. Halafu baada ya kuwalaumu hivyo akawasihi wabaki, hii nchi ni yenu, mnakimbilia wapi. Na ndani ya serikali hakunyamaza, aliona Waislamu wa Delhi hawalindwi na akalisema kwa wenzake mawaziri.

Januari 1948 Gandhi akafunga kula, anataka misikiti iliyotwaliwa irudishwe, na ile urs, yaani maadhimisho ya kila mwaka ya kifo cha walii, ya Khwaja Qutbuddin kule Mehrauli, Delhi, ifanyike bila Mwislamu kuguswa. Viongozi wa jamii zote walipoahidi, tarehe 18, aliyemshikisha mzee ile glasi ya juisi afungue ni Azad. Siku 12 baadaye Gandhi akauawa, na muuaji ni Mhindu mwenzake. Mnaona? Na huyu naye risasi ilitoka upande wake.

Azad akaendelea na kazi, waziri wa elimu kuanzia 1947 mpaka anafariki Februari 1958, chuo cha teknolojia cha Kharagpur kilianza 1951 yeye akiwa waziri.

Ninachowaomba ni hiki wanangu. Hotuba ya kuwasifu wa dini nyingine ukiwa mbele yao ni rahisi, watakupikia na pilau. Kazi iko kwenye grupu la wasap la watu wa msikiti wako au kanisa lako, saa ile imerushwa voisi ya kuwatukana majirani, watu mia mbili wanacheka, na wewe unayetaka kura zao uko mle ndani unaisikiliza. Andika palepale, kwa jina lako, kwamba hii si sawa na ifutwe. Watakuita msaliti, na kura zingine utazikosa kweli, sikufichi. Nanyi mkija kwangu kuomba dua kabla ya kuchukua fomu, karibuni sana, ila ntawauliza lini mara ya mwisho uliwakatalia wa kwenu wakiwa wengi na wewe uko peke yako.